Saa ya Babu Ukutani

Bruxelles, mardi

Tantine Georgine,

Sombe uliyotuma, yale majani ya muhogo, imefika muzima. Tulikula na majirani hapa Anderlecht mpaka tukalamba vidole.

Bon, uliniuliza kazi yangu ya mupya. Napiga picha karatasi za zamani za reli ya serikali, ile ya kwetu, wakati wa Wabeleji. Jana niliona mwandiko wa Babu. Mwaka ule reli ilipata hasara, sababu madini ya makampuni yalisafirishwa kwa bei ya chini sana. Muzungu mukubwa wa reli akauliza makarani wapunguze nini. Babu, naye karani pale, akaandika: posho ya unga ya wafanyakazi, nusu.

Nyuma ya karatasi ile kuna majina dix-huit, kumi na nane, ya wafanyakazi waliokufa na njaa. Wa kwanza ni babu ya jirani yako, Papa Élisée, yule haamini saa ya simu, anaingia kwako kila asubuhi kuangalia saa ya Babu. Tantine, imeandikwa palepale: saa ile walimupa Babu kwa ushauri ule.

Leo chef wa kazi aliniuliza kama dossier ya karatasi za mwaka ule imekamilika. Nikasema oui. Lakini karatasi ile ya Babu iko katika koti yangu.

Papa Élisée akikuja kesho, umusalimie. Lakini usitaje jina yangu.

Mutoto wako,
Hilaire