Fimbo za Mabingwa wa Siyu

Ndugu yangu Bakari wa Mkomani,

Salamu tele, nawe keti kwanza, maana mimi nimeshindwa kuketi! Leo nimeingia ile nyumba ya Siyu tuliyoiota tangu utotoni, zilimotundikwa fimbo za mabingwa wa kirumbizi, mchezo wetu wa kupigana kwa fimbo. Wallahi, ukuta mzima ni fimbo! Nimeiona hata ile iliyopasuka kwenye harusi ya baba. Nikasahau adabu, nikaishika.

Bi Mwanaesha, mjane anayezitunza, akaweka chini sahani ya halua. "Mwanangu, huijui ada? Mwenye kushika fimbo ameomba mchezo."

Nikacheka. Naye akajifunga leso kiunoni, akachukua fimbo ya marehemu mumewe, na kabla sijainua mkono kofia yangu imeruka mpaka uani! Mara tatu, Bakari! Kumbe miaka yote ile mume akifanya mazoezi, yeye ndiye aliyekuwa akipigana naye.

Kesho narudi anifunze. Mbusu mama mkono. Ila watani wetu wa mtaa wa Langoni wasijue kabisa kwamba nimeshindwa na bibi kizee.

Lo! Kadi hii haina bahasha. Basi wewe unayeisoma ikiwa bado ndiani kwenda Mkomani, salamu nawe pia, na tafadhali nyamaza!

Nduguyo akupendaye,
Shee