Mashine Hapana Mukwe ya Mutu

Mama yangu mpendwa,

Mama mudogo Kahindo, mdogo wako, amefungua kinywa mbele ya mukwe wake. Ndiyo, mbele ya Kambale, mume wangu! Ungekuwepo ungenifinya.

Unakumbuka ulivyokuwa ukila kwetu hapa Vulamba? Kambale akiingia tu, sahani unaisukuma kando, kitenge kinapanda mpaka puani. Dokta wa meno tunaye ndani ya nyumba, na kidonda kinakula shavu lako. Nilikusihi mpaka nikalia. Ukanijibu, "Mukwe hapana angalia mu kinywa ya mama mukwe. Ni haya, Kavira." Ukasukutua maji ya chumvi, ukaenda zako shambani. Tulipokufikisha hospitalini, ugonjwa ulikuwa umeshashuka shingoni. Hata kwenye kilio chako nilikukasirikia, mama, na hasira yenyewe sikujua niiweke wapi.

Sasa sikia. Mama mudogo alitoka Beni kututembelea, nikamwona anatafunia mboga ya sombe upande mmoja. Kuchungulia, doa jeupe kando ya ulimi. Nikamwambia twende kwa Kambale.

"Éh! Mimi? Kinywa yangu kwa mukwe? Hapana!"

Sauti yako tupu.

Kambale, aliyetusikia akiwa nyuma ya mlango, akapitisha mkono na telefone. Ndani yake kuna programu ya akili bandia: unapiga picha ya kinywa, yenyewe inasema kama kuna cha kuogopa. "Mama," akasema huko huko nje, "hii mashine hapana mukwe ya mutu."

Mama mudogo akacheka, akafungua. Nilipiga picha mwenyewe. Mashine ikazungushia doa mstari mwekundu, ikaandika: mgonjwa aonwe na dokta haraka.

"Yenyewe inaona tu," Kambale akasema. "Hapana weza kugusa, hapana weza kukata kipande ya kupima."

Nilijua tumefika pale pale uliponishinda. Mama mudogo akanitazama sana. "Dada yangu alikufa na haya yake," akasema. "Mwite." Akashusha kitenge alichojifunika tena, yeye mwenyewe. Kambale aliingia macho chini, akaomba ruhusa, akafanya kazi yake.

Majibu ya kipande yametoka leo. Ugonjwa ni ule ule wako, lakini kwake bado mdogo, na wataukata wote. Tumemshukuru Mungu, tumekula, mama mudogo amelala.

Kambale nilimkuta nyuma ya nyumba, analia. "Kavira, mama yako, hata siku moja mi hapana ona kicheko yake."

Basi nimemwonyesha ile picha uliyonikataza kuonyesha watu, ile unayocheka na meno yote nje, kitenge kiko begani. Ameishika mpaka sasa.

Usinifinye, mama. Lala salama.

Binti yako,
Kavira