Nyumba Isiyo na Ufa

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Mapera tu wazima, na shangazi yako kajifungua salama. Unaniuliza kama, baada ya kusomea uchoraji wa majengo, ukasomee saikolojia ya mazingira, hiyo elimu ya jinsi mahali panavyomgusa mtu anayekaa hapo.

Bei ya kahawa ilipopanda tukapata fedha, nikiwa nimeolewa karibuni, babu yako alibomoa nyumba ya mama yake akamjengea ya matofali. Ndugu waliozoea kuota moto kwake na kula pamoja waliogopa kuchafua saruji, wakaacha kuja. Mama mkwe alishukuru, ila kila asubuhi alibeba kigoda akaenda kukaa palipokuwa na mafiga yake, kwenye ukungu.

"Nawasubiri waje kula," aliniambia.

Mavuno yaliyofuata hayakumkuta.

Nyumba ile haina ufa mpaka leo. Kasome, mjukuu wangu, uje unieleze kilichommaliza mwenye nyumba.

Bibi yako