Asante mama, tumekuelewa

Koku, pokea simu basi. Nimejifungia chooni hapa redioni.

Yule dada wa chuo anayefanya utafiti wa lugha ya watangazaji ametuwekea rekodi ya kipindi changu cha Jumanne mbele ya watangazaji wote. Kumbe mimi, mwenye kipindi cha wanawake, ndiye ninayewakatiza wanawake.

Jamaa wa Buhongwa kapiga simu, kaongea dakika nne jinsi mke anavyotakiwa kufunzwa adabu, na mimi "endelea kaka, endelea kaka". Sauti yangu kabisa, Koku.

Kisha akapiga mama wa Pasiansi. Anasema, "Dada Getruda, juzi mume wangu alinifungia ndani akachukua panga..."

Nikamkata. "Asante mama, tumekuelewa." Nikaweka muziki.

Tumekuelewa nini? Hata sikumbuki kumsikia.

Nimeitafuta namba yake kwenye daftari la studio, nimepiga sasa hivi. Kapokea mwanaume. Nikaomba kuongea na mama. Akasema mke wake hana la kuongea na watu wa redio, akanisema mpaka akachoka mwenyewe.

Sikumkatiza hata kidogo. Nikamjibu, "Sawa kaka, nimekuelewa."