Dada wa Bibi, Kule Kwenye Tanuru

Litapunga,
S.L.P. 87,
Mpanda.

4 Agosti 1996

Mpendwa mdogo wangu Yotham,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kifua chako kinasemaje na baridi ya huko? Barua yako ya mwezi wa tano ilisema unakohoa, na tangu hapo kimya, basi kila nikisikia mtu anakohoa kanisani nakukumbuka. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Bibi Nyamizi ni mzima, macho tu ndiyo yanamsumbua. Watoto wazima. Mimi naumwa mgongo na viganja vimechubuka, lakini huo si ugonjwa. Ni uchovu, na aliyenitumia uchovu huo ni wewe.

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Kila nikishika kalamu nasinzia. Leo ni Jumapili, nimeacha kwenda mazoezi ya kwaya, nimefunga mlango, nakuandikia.

Wageni wako walifika kwa treni ya Tabora katikati ya mwezi wa sita, watu kumi na wawili na masanduku yasiyohesabika. Uliniandikia, "Dada, wasaidie kidogo tu, ni watu wa chuo chetu." Kidogo tu! Nimekuwa mkalimani wao, mwandishi wao, mpishi siku mpishi wao alipougua malaria, na mchimbaji. Likizo yangu yote imeishia mlimani. Tumbaku yangu bado imening'inia bandani, haijapangwa madaraja, na wenzangu wameshauza.

Nisiwasingizie lakini. Ni watu wazuri. Nilishangaa kujua kwamba wengi wao hawalipwi, wamejitolea, tena nauli wamejilipia wenyewe, waje kupiga magoti juani siku nzima wakikwangua udongo kwa mwiko wa kujengea. Mmoja ni mzee anaitwa Arvid, alikuwa tarishi wa posta huko kwenu miaka thelathini. Huyo ndiye tuliyeshika naye chekecheo. Mimi upande huu, yeye upande ule, tunatikisa udongo mpaka mabega yanakufa ganzi. Hajui Kiswahili, na Kiingereza chake ni kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Walichimba palepale ulipowaelekeza, ng'ambo ya mto, kule mlimani, kwenye kichuguu chenye mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito tuliyokuwa tunaokota utotoni. Kumbe chini yake kuna tanuru mbili za wafua chuma wa zamani, moja bado ina matundu ya mivukuto. Mkubwa wao, Dokta Solveig, ambaye hapa wanamwita Dokta Soli, siku ile aliruka kama msichana. Alisema ni za miaka mia nne, labda zaidi.

Kabla hawajaanza, nilitumwa kuzunguka kijiji kuuliza kama kule kuna makaburi ya watu, maana penye makaburi hawachimbi. Niliwauliza wazee wote wa baraza. Wote walisema hakuna, kule ni pori tangu enzi. Nikaandika kwenye daftari la Dokta: hakuna. Yotham, sikumuuliza bibi yetu. Nalala naye nyumba moja, nampikia uji, na sikumuuliza. Nilidhani mambo ya namna hiyo yanajulikana na wanaume wa baraza.

Wiki ya nne, Arvid akisafisha kwa brashi upande wa mashariki wa tanuru kubwa, akakuta mfupa. Alivua kofia, akaniita kwa sauti ya chini. Ilikuwa mifupa ya mtu mzima, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa. Walifanya kazi siku mbili kumtoa udongo bila kumsogeza. Dokta alikuwa anasema, mimi naandika: mwanamke, kijana, mguu wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga upande. Hakuwa chini sana, na Dokta mwenyewe alikuwa na shaka kidogo kwa sababu hiyo. Lakini kila mtu alitamani awe wa siku za wafua chuma. Hata mimi nilitamani, nisikufiche.

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikakaa kizingitini naosha miguu. Bibi alikuwa anakula kiazi. Nikamwambia leo tumempata mtu.

"Upande gani wa tanuru?" akauliza.

"Upande wa jua linapotoka, karibu na lile jiwe kubwa."

Aliacha kutafuna. Akaweka kiazi chini, akaingia ndani kulala. Asubuhi nilimkuta ameshafunga kitenge, fimbo mkononi, anataka nimpeleke. Nilimpakia kwenye baiskeli nikaisukuma mpaka mlimani, na mtoni tulimvusha mgongoni kwa Arvid. Unajua bibi alivyo mzito wa kukubali kubebwa. Siku ile hakubisha.

Mlimani kulikuwa na watu wengi, maana habari ya mifupa ilishaenea. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Gaudensi, alikuwepo, na yule bwana wa serikali aliyekuja na wageni kutoka Dar, ambaye Kikonongo chetu hajui hata neno. Bibi alikaa chini pembeni ya shimo. Mifupa ilikuwa imefunikwa turubai, hakuona kitu. Akaanza kusema kwa Kikonongo, polepole, kama mtu anayesoma.

"Ni dada yangu. Anaitwa Nyanzala. Mimi meno ya utoto yalikuwa yamenitoka, ndiyo kwanza naota ya pili. Askari walikuja kusema kijiji kihame kwa sababu ya malale, wote twende kwenye makazi mapya. Dada alikuwa anaumwa, hawezi kutembea. Alikufa asubuhi ileile ya kuhama. Baba alimchimbia hapa kwa kuwa udongo ni laini, na askari wamesimama wanatuharakisha. Mama alisema tutarudi kumlilia. Hawakuturuhusu kurudi. Nilipokuwa mtu mzima nilikuja mara moja, nikakuta miti tu, sikupajua. Mguu wake wa kushoto ulivunjika, alianguka mtini akifuata asali. Ukaunga vibaya. Mtazameni."

Yotham, habari ya mguu sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Ilikuwa kwenye daftari, kwa Kiingereza.

Sasa sikia lililonichosha kuliko chekecheo. Dokta aliniuliza, "Anasema nini?" Kabla sijafungua mdomo, Gaudensi akaniinamia sikioni akasema kwa Kikonongo, "Mwalimu, waambie bibi anatoa baraka. Basi. Ukisema yote, wanafunga kazi, na kisima hatupati." Maana wageni walikuwa wameahidi wakirudi mwakani watakuja na watu wa kutuchimbia kisima cha pampu. Unajua sisi maji tunachota wapi. Unajua kiangazi tunafukua mchanga wa mto kwa mikono, tunangoja maji yajikusanye. Gaudensi si mtu mbaya. Mke wake ana mimba ya miezi minane na anabeba ndoo kama wengine.

Nataka nikwambie ukweli, kwa kuwa hapa sina wa kumwambia. Nilifikiria kufanya alivyosema. Wangeichukua mifupa wakaipeleka huko, wangeipima, wangejua wenyewe baadaye kuwa si ya kale, na sisi tungekuwa na maji. Dokta alikuwa ananitazama, Arvid ananitazama, bwana wa Dar ananitazama, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angejua. Bibi peke yake hakunitazama. Aliniamini tu, ameweka mkono wake juu ya turubai.

Nikatafsiri yote. Neno kwa neno, na mguu pia. Kiingereza changu kilinikatika katikati nikaanza upya.

Dokta alipiga magoti. Kisha akafunua turubai mwenyewe. Bibi akausogeza uso karibu sana, kwa yale macho yake, akagusa ule mfupa uliounga upande. Hakupiga kelele. Alisema, "Nimekua mzee kukuzidi, dada," halafu akalia kama mtoto, na wanawake waliokuja kutazama wakaanza kulia naye.

Dokta alisubiri. Baadaye akaniomba nimuulize bibi kwa heshima kama anaweza kuchukua jino moja tu, lipimwe, wapate uhakika. Nikamuuliza.

Bibi akasema, "Mwambie uhakika nilio nao unanitosha. Yeye wa kwake akautafute kwingine."

Nikatafsiri na hilo. Yule bwana wa serikali akasema kama ndugu yupo na amesema, hakuna mjadala. Dokta akaitikia kwa kichwa. Tena bibi akalipapasa lile jiwe kubwa, akanyoosha fimbo kutokea hapo, akaonyesha: pale yupo mzee mmoja jirani yao, na pale mtoto wa huyo jirani, wote wa mwezi uleule. Yaani upande mzima wa mashariki ni watu. Dokta aliangalia kazi yake ya mwezi mzima, akaagiza wafunge vifaa, kazi imekwisha.

Tulimwuliza bibi kama anataka dada yake ahamishiwe nyumbani. Alikataa, akasema baba na mama walimlaza hapa, abaki hapa. Siku ya pili tukamfukia. Bibi alinyunyiza maji yenye unga wa mtama kama walivyofanya wazee wake, halafu tukasali rozari yote. Wageni walisimama kofia mikononi. Arvid hakukubali mtu mwingine ashike koleo, alifukia peke yake mpaka shati likaloa, akapanga mawe juu kwa mstari.

Waliondoka wiki mbili kabla ya siku yao. Dokta alinishika mikono stesheni akasema sikukosea, na kwamba habari ya kisima ataisema huko ila hawezi kuahidi, kwa sababu waliokuwa watoe msaada walifuata kazi ya uchimbaji. Namwamini kuwa atasema. Zaidi ya hapo sijui.

Hapa kijijini sasa nasalimiwa nusu nusu. Juzi mtoni wanawake walinipisha nichote kwanza, si kwa heshima, ni ili niondoke haraka. Gaudensi aliniambia mbele ya watu, "Umemchagua aliyekufa, Mwalimu." Nami nachota kulekule, ndoo yangu ni nzito kama yao. Kuna siku naona nilifanya sawa, na kuna siku, nikipanda ule mteremko na ndoo kichwani, sioni kitu. Wewe usome mwenyewe uamue. Lakini nakuomba, mdogo wangu, usinitumie tena wageni kabla hujaniuliza kama nina nguvu.

Bibi ndiye amebadilika. Anasema! Mtu aliyekuwa anamaliza wiki kwa maneno kumi, sasa kila tukila anatusimulia Nyanzala. Jinsi alivyokuwa anapiga mluzi kama mwanamume, jinsi alivyomfundisha kusuka ungo, jinsi alivyomwibia asali baba yao akamsingizia nyuki. Watoto wanamuuliza maswali mpaka chakula kinapoa. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua kuwa alikuwa na mama mkubwa.

Kuna jambo moja amenituma nikuandikie. Siku wanafunga mizigo aliniuliza hao watu wameandika nini kuhusu dada yake. Nilikuwa nimeiona karatasi ya Dokta, nikamwambia wameandika "Kaburi la Kwanza". Alifikiri kidogo, akasema, "Ana jina." Basi, kwa kuwa wewe uko karibu nao, nenda ofisini kwa Dokta Soli, usimwandikie, nenda kwa miguu yako, umwambie kwenye kitabu chao waandike Nyanzala binti Mlela. Mwandikie wewe herufi zake asije akakosea. Hilo bibi analitaka, na mimi pia nalitaka kuliko kitu chochote unachoweza kunitumia kutoka huko.

Shangazi Verdiana anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Mariana wangu ameingia darasa la tano na anasema utakaporudi umletee kalamu za rangi. Msalimie na yule rafiki yako wa kutoka Kibaoni uliyesema mnakaa naye. Bibi anakubariki kwa mikono yake miwili, anasema Mungu akutunze, ule ushibe, na usilale na soksi mbichi. Mimi naongeza tu kwamba akurudishe salama tukuone.

Ni mimi dada yako, niliyechoka lakini sijachoka kukupenda,

Pelagia