Jina la Baba Mkwe Dirishani

Mama yangu unayelala Katumba,

Heshima ulinifundisha ukiwa na mwiko mkononi, ndiyo maana haijanitoka. Kabla sijaolewa ulinikalisha jikoni ukasema, "Baba mkwe hatazamwi usoni. Alipo hupazi sauti. Na jina lake, Jenerosa, halipiti mdomoni mwako." Nikakuuliza, na nyumba ikiungua? Ukajibu, "Utapiga kelele za moto, siyo za jina."

Moto ulinikuta kazini, Mama.

Hukuwahi kuniona mapokezi, kwenye ile zahanati ya Mpanda mjini. Nilikuwa bado kwenye majaribio, gauni la bluu linanibana kwapani. Matroni alitufundisha namna ya kuongea na watu: mgonjwa aitwe kwa jina lake kamili, kwa sauti, ukimtazama usoni. Yale yale yako matatu, yamegeuzwa tu. Nilidhani mmekaa mkashauriana.

Nikajifunza. "Karibu, mzee." "Samahani kwa kusubiri." Hata kupiga magoti niliacha, maana nikipiga magoti wagonjwa walikuwa wanaona dirisha tupu.

Asubuhi moja baba mkwe akaja kutoka Kakese na homa yake, koti limefungwa mpaka shingoni. Akakaa benchi la nyuma, akageukia ukutani ili asinitie aibu. Kadi yake ikanifikia. Nikaiweka chini ya nyingine. Ikarudi juu. Nikaishusha tena. Mwisho nikaita, "Mzee wa Kakese!" Wakasimama wazee watatu. Yeye hakusimama.

Matroni alikuwa nyuma yangu. "Wewe binti, mbona hiyo kadi unaichanga kama karata? Mzee wa watu anatetemeka pale. Mwite, au vua gauni nimpe anayeweza kuita."

Kuvua gauni ni kurudi kulima tumbaku kwenye shamba la mzee huyo huyo. Kuita ni kurudi jioni kwenye nyumba ya mzee huyo huyo. Nilitafuta mlango wa tatu, sikuuona. Na kweli alikuwa anatetemeka.

Nikaita. Majina yote mawili, kwa sauti, macho yangu usoni kwake. Watu wa kwetu waliokuwepo wakageuka kunitazama. Mama mmoja akaziba mdomo kwa khanga.

Alisimama taratibu, akaja dirishani, akavua kofia. "Nipo, dada karani," akasema, kama mtu ambaye hajawahi kula ugali wangu. "Samahani kwa usumbufu."

Nilidhani ameniokoa. Homa ilimtoka, mimi nikaajiriwa, matroni akanisifu kuwa nina lugha nzuri kwa wagonjwa.

Lakini tangu siku ile, nikimpelekea maji ya kunawa, nimeinamisha macho kama ulivyotaka, ananijibu, "Asante, dada karani." Mbele ya wajukuu, mbele ya wageni. Zamani aliniita mwanangu. Mume wangu anasema, "Baba anakuheshimu, unataka nini tena?" Ni heshima au ni adhabu, Mama? Kumuuliza siwezi, maana wewe ulinikataza, na kazini nako tumekatazwa kubishana na mteja.

Basi nami namjibu kama nilivyofundishwa. Akirudi kutoka shamba namwambia, "Karibu, mzee." Nyumbani kwake mwenyewe.

Pumzika, Mama. Jina lake humu sijaliandika, bila shaka umeona.

Mimi niliyebaki na wewe tu wa kuniita hivyo,
Mwanao