Mukeka wa Mchana

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa tatu
Kugeuza chisense kwenye mchanga. Kufukuza kuku. Neema mgongoni. Uvuvi umefunguliwa, samaki hizi ndogo ni mingi, na mvua nayo bado haijaisha. Wingu likitokea upande wa Kilwa, ninakimbia kuanua. Plamedi, mukubwa wake, aliomba chakula, nikamufokea. Mutoto hakufanya kosa. Nimechoka tu.

Jumatano, tarehe 5
Kliniki. Neema amepunguka uzito tena. Enfirmiere, muuguzi wetu, aliniminya ziwa, tone likatoka kwa shida. "Mama Plamedi, maziwa inaisha sababu unachoka. Kila mchana ulale kidogo. Kulala ni kazi yako sasa." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ikiendelea hivi, alisema, mutoto atakunywa maziwa ya kopo. Ya kopo, sisi? Nilirudi na hasira. Yeye haishi kwa mama mukwe wangu.

Alhamisi, tarehe 6
Nilijaribu kulala mchana. Ndani, bati inachoma kama sufuria. Mama mukwe akasimama mulangoni: unagonjwa? Hapana. "Basi samaki nani anageuza?" Nikaamuka.
Nikamuambia bwana yangu, Baba Plamedi. "Sema unagonjwa, sha. Watakuacha."
Yeye akitoka ziwani asubuhi, analala mpaka jua linageuka, na nyumba nzima tunanong'ona. Hakuna anayemuuliza ugonjwa gani. Mimi nitafute ugonjwa ndio nifunge macho? Sitasema uongo huo. Lakini nisipolala, Neema ndiye atakauka.

Jumamosi, tarehe 8
Aibu. Niiandike tu.
Baba Plamedi alikuwa hajarudi toka kuvua upande wa Kilwa. Mama mukwe alikwenda sokoni. Nilimaliza samaki mapema, nikatandika mukeka nje, kwenye kivuli cha ukuta. Neema pembeni. Nikajifunika kitenge kichwani sababu ya nzi. Nililala kabisa.
Kilio ndicho kiliniamusha. Nikapapasa mutoto. Anapumua. Nikafunua kitenge: bamama wamenizunguka, wameketi chini, miguu wamenyoosha. Jirani wetu Bana Mwansa, mama wa Kibemba, anajipiga kifua, anamulilia mama yake: "Mayo nebo! Mayo!" Mama Furaha ameleta kuni. Mwingine unga.
Sikufikiri. Hapa kwetu mukeka nje mchana, mwanamuke chini, kichwa kimefunikwa, ni matanga. Walidhani ziwa limemukula bwana yangu.
Nikasema hakuna mutu amekufa. Ninapumuzika.
"Kupumuzika?" Mama Furaha akasema. "Mutu muzima hivi?"
Wakacheka mpaka machozi yakarudi. Bana Mwansa akapangusa macho: "Ee, madame! Siku ukitaka kuoga, utatuitia jeneza?"
Mama mukwe alifika katikati ya kicheko. Yeye hakucheka. Alisema nimemuitia mutoto wake kifo. Akakunja mukeka, akaupeleka chumbani kwake.

Jumapili, tarehe 9
Kanisani naitwa Mama Mukeka. Mupaka watoto.
Baba Plamedi amerudi, muzima, anakula. Anasema nimemuaibisha. Yeye!
Kinachoniuma ni hiki. Bamama wale wanajua kuacha kazi. Wanajua kuketi na kuletewa maji. Wanajua vizuri sana. Lakini lazima mutu afe kwanza.
Leo sikulala. Neema alivuta ziwa, akaliachia, akalia. Akavuta tena.

Jumatatu, tarehe 10
Nilipiga magoti mbele ya mama mukwe, vile inafaa. Nikasema polepole: Mama, ukininyima mukeka, unamunyima Neema ziwa. Alichambua maharagi kama sipo. Sikuomba musamaha. Hapana.

Jumatano, tarehe 12
Unga wa matanga haurudishwi. Tumeupika bukari, ugali wa hapa, tukala na chisense. Kuni za bamama bado zinawaka jikoni.
Niliporudi toka kwa samaki, mukeka ulikuwa nje, umetandikwa penye kivuli. Mama mukwe alikuwa amegeuka upande wa ziwa.
Nimelala. Kichwa sikufunika. Nzi wanatembea usoni, watembee.
Bana Mwansa akapita, ndoo kichwani. "Leo nani amekufa?"
Hakuna mutu, nikasema.
Akasimama. Akaniangalia muda, maji yanamudondokea begani. "Haya. Lala," akasema, akaenda zake na ndoo.
Neema ananyonya. Ninasikia anameza.